Uko Zinga, laptop inasema uko Dar? Sababu ni hii, na rekebisha hivi

Umekaa zako barazani Zinga, Bagamoyo. Unafungua ramani kwenye laptop ili umwelekeze dereva anayekuletea mzigo. Kidoti cha bluu kinatua Dar es Salaam. Unachukua simu, ile ile inayorusha hotspoti kwenye laptop, na yenyewe inaonyesha Zinga bila shida.

Usikimbilie kwa fundi. Laptop yako haijaharibika. Ukweli ni kwamba laptop nyingi hazijui zilipo, zinakisia tu.

Simu inajua, laptop inakisia

Simu janja ina GPS. Inapokea mawimbi ya setelaiti na kupiga hesabu yenyewe, na ukiwa nje, sehemu ya wazi, hukosea kwa mita chache tu. Laptop nyingi za kawaida hazina kifaa hicho, kwa hiyo zinategemea vitu viwili.

Cha kwanza ni Wi-Fi za jirani. Laptop inasoma namba za utambulisho za rauta zilizo karibu, hata zile ambazo hujaungana nazo, kisha inauliza kampuni kama Google, Microsoft au Apple: rauta hizi ziko wapi? Kampuni hizo zina kumbukumbu kubwa ya rauta, iliyokusanywa kwa sehemu kubwa na simu za watu wanaopita karibu wakiwa wamewasha GPS. Kariakoo, penye rauta kila ghorofa, jibu linapatikana haraka. Kijijini ambako nyumba zimeachana na wengi wanatumia bando la simu, laptop inaweza isione hata rauta moja.

Cha pili ni anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao unakupa ukiingia intaneti. Data yako inatoka Zinga hadi mnarani, halafu inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ambayo inaweza kuwa Dar. IP moja inaweza kutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Tovuti ikiiona namba hiyo inajua unatumia kampuni gani, lakini haijui baraza lako liko wapi.

Na hotspoti? Inabeba intaneti tu. Haiipi laptop GPS ya simu.

Kuna pia waliohama. Ukiwa umekuja Zinga na rauta uliyokuwa nayo Kinondoni, kumbukumbu za kampuni hizo zinaweza kuendelea kuiweka Kinondoni kwa muda.

Fanya haya, kwa mpangilio huu

1. Zima VPN. Ikiwa imewashwa, tovuti zinaweza kuona IP ya nchi nyingine kabisa. Kama unaihitaji kwa kazi, kumbuka Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kuzisajili.

2. Washa Wi-Fi ya laptop hata kama unatumia waya. Ikiwa imezimwa, haiwezi kuona rauta za jirani.

3. Ruhusu eneo. Kwenye Windows 11 nenda Settings, kisha Privacy & security, halafu Location, uwashe Location services. Shuka chini uruhusu na programu zako. Kwenye Mac, nenda System Settings, kisha Privacy & Security, halafu Location Services.

4. Ruhusu na kwenye brauza. Kwenye Chrome, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, kisha uruhusu Location. Wengi tulishabonyeza "kataa" siku nyingi na tumesahau.

5. Weka eneo lako mwenyewe. Kwenye ukurasa ule ule wa Location wa Windows kuna sehemu ya Default location. Weka pini Zinga. Windows ikishindwa kukupata, itatumia hiyo. Ila ukisafiri, kumbuka kuibadilisha.

6. Angalia saa. Eneo likikosewa, saa nayo inaweza kuvurugika. Kwenye Windows usihangaike kuitafuta Dar es Salaam, chagua (UTC+03:00) Nairobi. Saa ni moja.

7. Kwa rauta iliyohama, washa GPS kwenye simu ukiwa karibu nayo na utumie ramani mara kwa mara. Hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyosasishwa. Inaweza kuchukua siku au wiki, kwa hiyo vuta subira.

Pini si ushahidi

Mzigo kuchelewa ni kero ndogo. Kubwa ni siku laptop ikiibiwa. Huduma za kutafuta kifaa kilichopotea zinategemea makisio haya haya. Pini ikitua kwenye nyumba ya mtu, haimaanishi mwizi anakaa humo.

Marekani walishaliona hilo. Kampuni ya MaxMind, inayouza taarifa za maeneo ya IP, iliweka pini moja katikati ya nchi kwa kila IP iliyojulikana kuwa ya Marekani tu, bila mji. Pini hiyo ilitua kwenye shamba moja jimboni Kansas. Mwaka 2016 mwandishi Kashmir Hill alifichua kuwa IP zaidi ya milioni 600 zilikuwa zinaelekezwa hapo. Kwa miaka mingi, polisi na watu wenye hasira walikuwa wakifika shambani kuwasaka wezi na matapeli ambao hawakuwahi kukaa pale. Baada ya habari hiyo, kampuni iliihamishia pini ziwani.

Sasa fikiria hayo huku kwetu, ambako kelele za "mwizi!" huita wananchi wenye hasira kali. Pini ya laptop ikikuelekeza mlango wa mtu, usiende kugonga na kundi la vijana. Nenda polisi, toa namba ya utambulisho ya laptop na risiti, waache wachunguze.

Na kwa jambo lolote la muhimu, iwe gari la wagonjwa au mzigo wa gharama, tuma eneo kutoka kwenye simu, siyo laptop. Kama nyumba yako ilipata namba kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, iandike pia. Namba ya mlangoni haibadiliki hata ukibadilisha bando.