Maji Yasiyomlowesha Mtu

Katika studio moja ya Manhattan Beach, California, mwongozaji James Cameron alijengewa bwawa lenye urefu wa futi 120 na kina cha futi 30. Uso wa maji ulifunikwa kwa mipira midogo myeupe, chungu nzima, ili mwanga wa taa za juu usizichanganye kamera zilizokuwa zikinasa miendo ya waigizaji chini ya maji. Aliyeishiwa pumzi aliibuka katikati ya mipira hiyo, ikampisha. Kate Winslet aliwahi kukaa chini kwa zaidi ya dakika saba bila kupumua.

Hata hivyo, maji yanayowazunguka wahusika wale wa rangi ya buluu katika filamu ya Avatar: The Way of Water, iliyotoka mwaka 2022, si ya bwawa hilo. Kilichochukuliwa bwawani ni miendo ya waigizaji tu. Maji yenyewe yalitengenezwa kwa kompyuta na kampuni ya Wētā FX ya Wellington, New Zealand. Kati ya vipande 3,240 vya picha vilivyopitia mikononi mwa mafundi wake, 2,225 vilikuwa na maji ndani yake.

Maji halisi yalikuwepo, kwa nini yasitumike? Sababu kubwa ni kimo. Wahusika hao wa kubuni wana urefu wa karibu mita tatu, na maji yanayomrukia binadamu wa kawaida huruka na kuanguka kwa namna nyingine kabisa. Ukimkuza mtu kwenye picha, unakuza na matone yaliyomrukia, na mtazamaji anashtuka hata kama hawezi kueleza kilichomshtua.

Shida hiyo ni ya zamani. Kwa miongo mingi watengenezaji wa filamu waliweka vijimeli vya mfano ndani ya matangi na kuvipiga kwa mawimbi ya mashine. Wimbi dogo huanguka upesi kuliko wimbi kubwa, kwa hiyo walibuni dawa: meli ikiwa imepunguzwa mara 16, kamera iende mara nne ya kasi yake, yaani fremu 96 kwa sekunde badala ya 24. Picha hiyo ikionyeshwa kwa kasi ya kawaida, wimbi linapata uzito wa bahari kuu. Lakini matone hayakutibika. Tone la maji hushikwa na mvutano wa uso wake wenyewe, na mvutano huo haujui kama chombo kilichopasua wimbi ni meli ya kweli au kijimeli cha kuchezea. Ndiyo maana katika filamu nyingi za zamani dhoruba inavuma, meli inazama, na bado matone yanaonekana manene kupita kiasi.

Kompyuta iliingia taratibu. Mwaka 1989, katika filamu ya The Abyss, iliyoongozwa na huyohuyo Cameron, kampuni ya Industrial Light & Magic ilionyesha mkono wa maji ukinyanyuka na kuiga sura ya binadamu. Onyesho hilo, lenye sekunde takriban 75, liligharimu miezi ya kazi na kuchangia Tuzo ya Oscar. Ila maji yale hayakujiendesha: umbo lake lilipangwa na wasanii, na viwimbi vikapakwa juu kwa hesabu.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wanaoisoma bahari. Jerry Tessendorf, mwanafizikia wa Marekani, alionyesha kwamba uso wa bahari unaweza kujengwa kwa kujumlisha maelfu ya mawimbi mepesi, kila moja likiwa na urefu na mwelekeo wake, kwa kufuata takwimu za wataalamu wa bahari kuhusu jinsi upepo unavyosukuma maji. Mbinu za namna hiyo zilisaidia kutandaza bahari ya Titanic mwaka 1997. Kwa bahari ya mbali zinatosha sana. Zinashindwa pale wimbi linapojikunja na kuvunjika, kwa sababu hesabu hiyo inajua kimo cha maji tu kwa kila mahali, haijui maji yaliyojipinda juu ya hewa. Chombo kikigonga wimbi, lazima maji yahesabiwe yenyewe.

Hapo ndipo inapoingia milinganyo ya Navier na Stokes, Mfaransa na mwenzake mzaliwa wa Ireland, walioiandika katika karne ya 19. Kwa lugha nyepesi, inasema maji husukumwa na uzito wake, na shinikizo, na msuguano wa ndani, na wala hayabanwi: kinachoingia mahali sharti kitoke. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kihisabati kwamba milinganyo hiyo ina majibu laini kila wakati. Taasisi ya Clay iliahidi dola milioni moja kwa atakayefaulu au atakayepata mfano wa kuipinga. Mafundi wa filamu hawasubiri. Wao hukadiria.

Namna yao ya kukadiria inastahili kutazamwa kwa karibu. Tangi la kufikirika hugawanywa katika visanduku vidogo, na ndani yake humwagwa mamilioni ya chembe zinazobeba kasi. Kila hatua, chembe zinakabidhi kasi zao kwa visanduku, visanduku vinasawazisha shinikizo, kisha kasi mpya zinarudi kwa chembe. Njia hii ilizaliwa Los Alamos katika miaka ya 1950, kwenye maabara iliyotengeneza bomu la atomiki, kwa juhudi za Francis Harlow. Kasoro yake ni kwamba kila makabidhiano hulainisha miendo midogo, na maji hutoka mazito kama uji. Mwaka 1986 watafiti wa maabara hiyohiyo waliirekebisha: chembe isifutiwe kasi yake na kupewa nyingine, iongezewe mabadiliko tu. Marekebisho madogo, lakini maji yakapata uhai. Mwaka 2005 Yongning Zhu na Robert Bridson waliyaleta kwenye michoro ya kompyuta, na leo ndiyo njia inayotumika katika programu nyingi za filamu.

Bado hapo hakuna povu, wala ukungu unaopeperushwa na upepo, wala utando mwembamba unaoteremka kwenye ngozi ya mtu aliyetoka majini. Kila kimoja huhesabiwa kivyake, kisha vyote hushonwa pamoja. Anayetaka kupima ufundi wa studio asiangalie tsunami. Aangalie bega lililolowa. Macho hayana pazia, na maji ya begani kila mtu anayajua.

Kazi hiyo ni ya watu, na haijawalipa vizuri siku zote. Filamu ya Life of Pi ya Ang Lee ilipigwa mwaka 2011 katika tangi la mawimbi lililojengwa kwenye uwanja wa ndege uliokuwa umefungwa huko Taichung, Taiwan. Sehemu kubwa ya bahari iliyoendelea nje ya kuta za tangi, na ya picha za chui-milia wa filamu hiyo, ilitengenezwa na Rhythm & Hues, kampuni aliyoifanyia kazi Tessendorf mwenyewe. Februari 2013 filamu ilishinda Oscar ya athari za kuona. Mwezi huohuo kampuni ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, mamia ya wafanyakazi wake wakiwa wameachishwa kazi. Nje ya ukumbi wa tuzo mafundi waliandamana. Ndani, Bill Westenhofer, mmoja wa waliopokea tuzo hiyo, alipoanza kuitaja kampuni hiyo jukwaani, muziki ulipandishwa na kipaza sauti kikazimwa. Ile ilikuwa dhuluma mbele ya dunia nzima.

Kijana anayetaka kujifunza leo hana haja ya kusubiri studio. Blender ni programu ya bure, na ndani yake mna bahari ya mtindo wa Tessendorf na, tangu 2020, mfumo wa visanduku na chembe ulioelezwa hapo juu. Aanze na glasi moja ya maji, asianze na bahari. Akipunguza upana wa kila kisanduku kwa nusu, idadi ya visanduku hupanda mara nane, na kwa kuwa hatua za muda nazo hupaswa kufupishwa, kazi ya kompyuta hufika karibu mara 16. Laptopu ya kawaida inaimudu glasi.