Gunia Zito na Vidole vya Mpakiaji

Wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, kuanzia kata kama Namswea hadi mjini, kahawa, mahindi na saruji bado hupakiwa na kupakuliwa kwa mikono ya vibarua. Gunia la kahawa safi, yaani kahawa iliyokwisha kukobolewa, kwa desturi ya soko la dunia huwa na kilo 60, ilhali Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Kwa hiyo soko limekwisha kumzidi mpakiaji kabla hajainama.

Kwa vidole, hata hivyo, hatari kubwa haimo katika kubeba bali katika kutua. Anayepokea gunia juu ya lori hulishika pembeni, na mwenzake akiliachia mapema, vidole hubanwa kati ya gunia na bodi. Kidole hakina msuli wa kukikunja: misuli ya kazi hiyo imo kiganjani na kwenye kigasha, nayo hukivuta kwa kano, ambazo ni kamba ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa. Kwa sababu hiyo jeraha dogo la kiganjani linaweza kukata kano bila damu nyingi, dalili ikawa ni kidole kukataa kukunjika; mfupa nao unaweza kuvunjika bila ngozi kuchanika. Glavu huzuia mikwaruzo, lakini hazizuii kilo 60. Na karibu na mkanda wa mashine ya kukobolea, glavu pana huweza kunaswa na kuvuta mkono wote.

Ajali ikitokea, pete ivuliwe kabla ya uvimbe, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, na mkono uinuliwe. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu (hata ya muuza samaki yatosha), kwani barafu ikikigusa moja kwa moja huua nyama yake. Majeruhi aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuzuia madhara hayo, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko unaochangiwa na waajiri, si wafanyakazi. Ugumu humpata kibarua anayelipwa kwa gunia bila mkataba, ambaye akiumia huenda asipatikane anayekiri kuwa mwajiri wake. Basi jina la aliyemwita kazini na namba ya lori ziandikwe kabla gunia la kwanza halijainuliwa.