Kwa Nini Vifaru vya Aina Moja Havifanani Rangi?

Tazama picha za vifaru vya Ujerumani vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa za 1943 na 1944. Kifaru kimoja cha Panther kina mistari kama ya pundamilia, cha pili kina mabaka mapana, cha tatu ni njano tupu. Wengi hudhani kila mtindo ulikuwa na amri yake. Mara nyingi amri ilikuwa moja.

Mwanzoni mwa 1943 vifaru vingi vya Wajerumani huko Ulaya vilikuwa vya kijivu kilichokolea. Februari mwaka huo ikaamriwa vitoke kiwandani na rangi moja ya msingi, njano iliyoiva inayokaribia kaki. Mabaka wakaachiwa wanajeshi wenyewe. Walipewa kijani cha zeituni na kahawia nyekundu, rangi nzito kama kiwi ya viatu, wazizimue kwa petroli au maji, kisha wapake kulingana na mazingira waliyomo.

Sasa fikiria. Rangi ikizimuliwa mno, njano ya chini inachungulia na kijani kinapauka. Mwenye pampu ya kupulizia anapata kingo laini. Asiye nayo anashika brashi, kingo zinakuwa kali. Iliyozimuliwa kwa maji hailindi mvua. Ya petroli inashika vizuri, ila petroli hiyohiyo ndiyo inayoendesha kifaru, na ilikuwa adimu! Wakati wa theluji wanapaka chokaa juu ya yote, baadaye wanaisugua na haitoki yote.

Je, fujo hiyo iliharibu kazi? Si lazima. Jicho hutambua kitu kwa umbo lake, na kazi ya baka ni kulivunja umbo hilo: linaanzia kwenye bodi, linapanda hadi kwenye kichwa chenye mzinga, kiungo kinapotea. Hilo halidai mchoro mmoja.

Agosti 1944 viwanda viliagizwa vipake mabaka vyenyewe, na hapo mitindo ikaanza kufanana kidogo.

Anayeumia leo ni fundi wa makumbusho anayetaka kurudisha kifaru kwenye rangi yake. Picha nyingi za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na humo kijani kile na kahawia ile hutoka karibu kijivu kilekile. Ukikutana mtandaoni na picha hizo zikiwa zimetiwa rangi kwa kompyuta, mabaka unayoyaona ni makisio ya aliyezitia.