Jani la Bukini na Ugonjwa wa Kisukari

Ng'ambo ya Mlango wa Bahari wa Msumbiji, mwendo wa kilometa zipatazo 400 kutoka pwani ya bara la Afrika, kipo kisiwa kikubwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Kisiwa hicho kina maelfu ya mimea ambayo kwa asili haioti mahali pengine popote duniani. Mmoja wa mimea hiyo ni ua dogo lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo Wamalagasi huliita vonenina na wengine huliita vinka. Leo ua hilo limekwisha kuenea katika nchi nyingi za joto, na si ajabu kulikuta limepandwa mbele ya nyumba za askari. Habari ya ua hilo yastahili kusikilizwa kwa makini na kila mwenye kuvaa sare. Inaonyesha kwamba jani, hata likiwa na sifa kubwa namna gani, si dawa mpaka lipimwe. Na kwamba taifa lisilopima mimea yake lenyewe hupimiwa na wengine.

Kisukari ni ugonjwa wa mwili kushindwa kuitumia sawasawa sukari iliyomo katika damu. Kwa kawaida kiungo kiitwacho kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo insulini huiwezesha sukari kuingia katika seli ili iwe nguvu ya kufanyia kazi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho huacha kabisa au karibu kabisa kutoa insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila kupewa insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, insulini huwapo lakini mwili hauitii ipasavyo, na baadaye kongosho lenyewe huchoka. Sukari iliyozidi huharibu polepole macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima wapatao milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Majeshi hayakusamehewa. Kijana aliyetoka depo akiwa mkakamavu huweza, baada ya miaka mingi ya kazi ya mezani na chakula kisicho na kiasi, kupatwa nao bila mwenyewe kutambua.

Insulini iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921. Kabla ya hapo watu wa mataifa yote walitafuta nafuu katika majani, magome na mizizi, na hata baada ya hapo wengi hawakuacha, maana sindano ilikuwa ghali na hospitali zilikuwa mbali. Vinka ya Madagaska, ambayo ilikuwa imesafiri kwa merikebu hadi visiwa vya Karibi na Mashariki ya Mbali, ilipata sifa ya kutibu kisukari huko Jamaika na Ufilipino. Watu walichemsha majani yake na kunywa maji yake kama chai.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Toronto, Clark Noble, alipokea kutoka Jamaika bahasha yenye majani ya vinka. Yeye aliyapeleka kwa ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert Noble aliwanywesha panya maji ya majani hayo, akapima sukari katika damu yao. Sukari haikushuka kwa kiasi cha kutajika. Ndipo alipowadunga panya wengine sindano ya maji hayo hayo, na panya hao wakafa baada ya siku chache. Walipochunguzwa ilionekana kuwa hawakuuawa na sukari, bali na vijidudu vilivyowashambulia baada ya chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kupungua mno.

Mtu asiye na subira angeyatupa majani yale. Watafiti hao walijiuliza swali jingine: ikiwa kitu hiki hupunguza chembe nyeupe za damu, je, hakiwezi kuwafaa wagonjwa wa saratani ya damu, ambao chembe hizo huongezeka kwao pasipo mpaka? Mkemia Charles Beer alijiunga na Noble mwaka 1954, na kufikia mwaka 1958 walikuwa wamekitenga kitu hicho kikiwa safi. Kiliitwa vinblastini. Wakati huo huo, watafiti wa kampuni ya Eli Lilly nchini Marekani, ambao nao waliuchunguza mmea huo kwa sababu ya sifa zake za kisukari, waliona kwamba panya wenye saratani ya damu waliishi zaidi walipopewa maji ya mmea huo. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana pia dawa ya pili, vinkristini. Dawa hizo mbili ziliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1961 na mwaka 1963. Saratani kali ya damu, ambayo zamani iliwaua karibu watoto wote walioipata, leo hutibiwa na kupona kwa watoto walio wengi katika nchi zenye huduma kamili, na vinkristini ni moja ya dawa zinazotumiwa pamoja katika tiba hiyo.

Hivyo jani lililotafutwa kwa ajili ya kisukari lilitoa dawa ya saratani. Anayechemsha vinka leo ili ashushe sukari hajui ananywa kiasi gani cha vitu vile vile ambavyo hospitali huvipima kwa miligramu na kuvitoa chini ya uangalizi wa daktari. Anayekunywa hivyo anacheza na sumu.

Lakini si kila jani la kisukari lilikwenda njia hiyo. Katika Ulaya kuna mmea uitwao galega, ambao ulitumiwa tangu karne nyingi, na ambao pia uliwahi kuua kondoo malishoni. Ndani yake mlikutwa kemikali iitwayo galegini, yenye kushusha sukari lakini yenye sumu. Wakemia walitafuta jamaa za kemikali hiyo zisizodhuru. Mwaka 1922 Emil Werner na James Bell, huko Dublin, Ayalandi, walieleza jinsi ya kutengeneza moja iliyokuja kuitwa metformini. Ilikaa miaka mingi bila kutumiwa, hata mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari. Leo metformini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni kidonge kinachojulikana na wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili ulimwenguni kote. Basi hakuna sababu ya kuyadharau majani. Ila kati ya jani la galega na kidonge cha metformini palikuwa na miaka mingi ya vipimo.

Madagaska yenyewe ilipata nini? Vinka ilivunwa huko, hasa upande wa kusini, ikakaushwa na kusafirishwa kwenda viwandani ng'ambo. Aliyevuna alilipwa bei ya majani makavu. Thamani ya dawa ilibaki kwa aliyekuwa na maabara na hati ya ugunduzi. Sheria za wakati ule hazikuipa nchi asili ya mmea haki yoyote. Ni mwaka 1992 ndipo mataifa yalipokubaliana, katika Mkataba wa Bioanuwai, kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake. Na mwaka 2010 Itifaki ya Nagoya ikaweka taratibu za kugawana faida. Hata hivyo mkataba haumfanyi mtu kuwa mtaalamu. Nchi isiyo na wakemia wake itaambiwa na wengine mmea wake una nini.

Jambo hilo lilitambuliwa mapema na Mmalagasi mmoja, Albert Rakoto Ratsimamanga, aliyezaliwa mwaka 1907, akasomea utabibu na sayansi, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa nchi yake huko Ufaransa. Mwaka 1957, yaani kabla ya Madagaska kupata uhuru wake tarehe 26 Juni 1960, alianzisha mjini Antananarivo taasisi ya utafiti ijulikanayo kwa ufupi kama IMRA. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuchunguza mmea mdogo utambaao uitwao talapetraka, ambao kitu kilichomo ndani yake huponyesha vidonda. Kwa upande wa kisukari, taasisi hiyo ilishughulikia mbegu za mti ambao kila mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki anaujua, yaani mzambarau, ikatengeneza kutokana nazo dawa iitwayo Madeglucyl. Ratsimamanga alifariki dunia mwaka 2001, na taasisi yake inaendelea.

Lakini hata mzambarau una funzo lake. Huko Porto Alegre, nchini Brazili, ambako watu wengi hunywa chai ya majani yake, watafiti waligawa wagonjwa wa kisukari kwa kura: wengine wakapewa chai hiyo, wengine kidonge cha glibenklamidi. Kidonge kilishusha sukari. Chai ya majani haikuishusha. Mti ni ule ule, lakini jani si mbegu, na kuchemsha sufuriani si sawa na kutayarisha maabara. Asemaye kwamba "mzambarau unatibu sukari" bado hajasema kitu, mpaka aeleze ni sehemu gani ya mti, imetayarishwa vipi, kwa kiasi gani, na imejaribiwa kwa nani.

Mwaka 2020 taasisi hiyo hiyo ya IMRA ilitoa kinywaji chenye mmea wa artemisia, kilichotangazwa na Rais wa wakati huo, Andry Rajoelina, kuwa dawa ya ugonjwa wa Korona. Nchi kadhaa za Afrika zilikipokea, na mwezi Mei mwaka huo Tanzania ilituma ndege kukichukua. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba dawa za asili zinakaribishwa, lakini zipite katika majaribio kama dawa nyingine zote. Na mwezi Septemba 2020 likaidhinisha, pamoja na Umoja wa Afrika, utaratibu wa kufanya majaribio hayo. Kipimo hicho si dharau kwa Mwafrika, kwani vinka na galega zilipitishwa katika moto huo huo. Nchini Tanzania kazi ya namna hiyo ilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kilipoundwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili.

Kwa askari jambo hili lina uzito wa pekee. Silaha haitolewi ghalani mpaka ijulikane inapiga wapi, na risasi isiyojulikana ilikotoka haitiwi katika bunduki. Dawa nayo ni hivyo. Mgonjwa anayeacha insulini kwa ajili ya unga wa mizizi huweza, ikiwa kisukari chake ni cha aina ya kwanza, kufa katika muda wa siku chache. Mwingine humeza vidonge vya hospitali asubuhi na kunywa majani kwa siri jioni. Ikiwa majani hayo nayo yana nguvu, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Hapo mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na pengine kuzimia. Mtu wa namna hiyo akiwa lindoni na silaha mkononi, au akiwa ameshika usukani wa gari lililojaa wenzake, hatari si yake peke yake.

Kwa hiyo askari mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara, anayekonda bila sababu au mwenye kidonda kisichopona, aende zahanati ya kikosi akapimwe damu. Aliyekwisha kujulikana kuwa na kisukari akague miguu yake kila avuapo buti, kwa maana ugonjwa huu huua hisia, na mtu huweza kutembea na msumari ndani ya kiatu bila kuusikia. Na atumiaye dawa ya asili asimfiche tabibu. Amwambie jina lake na, ikiwezekana, ampelekee jani lenyewe.

Tabibu aliyeletewa jani haoni aibu, anapata habari. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule daktari wa Toronto na bahasha yake kutoka Jamaika. Hazina ya mimea ya Bukini na ya bara zima la Afrika haijamalizika kuchunguzwa, na ujuzi wa wazee kuhusu mimea hiyo ni mwanzo mzuri wa kazi. Kazi yenyewe ni kupima, na wanaostahili kuwa wa kwanza kuifanya ni wenye mimea.