Deni la Mshauri Nasaha: Kulipa Mkopo wa Masomo kwa Utumishi Manyatta

Utangulizi
Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakubainisha, hata hivyo, iwapo malipo hayo sharti yawe fedha taslimu. Makala haya yanafafanua utaratibu wa kumlipia mshauri nasaha sehemu ya mkopo wake wa masomo, naye ahudumu mahali penye uhitaji. Aidha, yanatetea kwamba utaratibu huo ungelifaa Manyatta, Kaunti ya Embu.

Uhitaji
Manyatta ni eneo la chai na kahawa chini ya Mlima Kenya, na mji wa Embu umo ndani ya eneobunge hilo. Mnamo Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliwaua watu wengi katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe haramu iangamizwe. Msako humwaga pombe, haumtibu mraibu. Atakayemtibu ni mtu mwenye subira, anayeijua lugha ya mgonjwa na kuaminiwa na jamaa zake. Uaminifu huo hujengwa kwa miaka. Mshauri anapohama, huondoka nao, na mgonjwa hulazimika kuanza upya kusimulia aibu yake kwa mgeni.

Uzito wa deni
Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mhitimu hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 200,000. Riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi 8,000, ilhali faini ya miezi 12 ni shilingi 60,000. Ni bayana kwamba kinachommaliza mdaiwa si riba, bali ni kuchelewa. Kweli, mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisiruhusiwe kuuzidi mkopo wenyewe. Lakini hata deni lililoongezeka maradufu ni mzigo mkubwa kwa anayeanza kazi kwa posho ya kujitolea. Isitoshe, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka asajiliwe kabla ya kuhudumu. Si ajabu basi mhitimu akikimbilia ajira yoyote ya mjini, hata isiyohusiana na taaluma yake.

Mifano ya kuigwa
Nchini Marekani, shirika la serikali liitwalo National Health Service Corps huwalipia mikopo wahudumu wa afya wanaokubali kufanya kazi kwenye uhaba. Washauri wa waraibu wamo miongoni mwao. Hapa Kenya, Hazina ya Afya Elimu iliyoanza mwaka 2013 chini ya usimamizi wa HELB ilidhihirisha kwamba mikopo yaweza kuelekezwa kwa wanafunzi wa taaluma za afya. Tanzania nayo, mwaka 2021, iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo. Masharti ya deni, kwa hivyo, si amri ya mbinguni.

Utaratibu unaopendekezwa
Mshauri aliyesajiliwa angelipiwa moja ya tano ya mkopo wake kila mwisho wa mwaka wa utumishi. Kwa mfano wetu, hizo ni shilingi 40,000 kwa mwaka, na baada ya miaka mitano mkopo wa awali umekwisha. Faini isimamishwe muda wote huo. Malipo yaje baada ya kazi, si kabla yake.

Lipo pingamizi moja zito. Marejesho ya mikopo ndiyo yanayosaidia kuwakopesha wanafunzi wapya. HELB ikifuta deni bila kufidiwa, mzigo utamwangukia mwanafunzi wa kesho. Hivyo basi, fedha hazina budi kutoka katika bajeti ya afya, ya taifa au ya kaunti, kwa kuwa huduma inayonunuliwa ni ya afya.

Hitimisho
Mshauri anayekaa Manyatta miaka mitano hajasamehewa deni. Amelilipa kwa saa alizoketi na watu ambao kila mtu alikuwa amekata tamaa nao. Lililosalia ni dola kuyatambua malipo hayo na kuyaandika katika daftari lake.