Sakafu za Marumaru Majumbani Bukavu: Utangulizi

Kutunza sakafu ya marumaru ni kazi ambayo wengi huifanya kila asubuhi bila kujua kwamba ni fani. Anayepangusa sebule huko Nguba au Muhumba anagusa jiolojia, kemia na elimu ya mwanga kwa wakati mmoja. Akitumia dawa isiyofaa, jiwe lililochukua mamilioni ya miaka kuumbika linapata doa ndani ya dakika chache. Kurasa hizi ni zake, na za mwenye nyumba aliyemwajiri, na za mwanafunzi wa ujenzi anayefundishwa namna ya kutandaza sakafu lakini hafundishwi jinsi sakafu hiyo inavyozeeka. Huhitaji shahada ili kuanza. Unahitaji macho, subira na ndimu moja.

Tuanze na jiwe lenyewe. Marumaru ni jiwe la chokaa lililozama chini ya ardhi, likapata joto na mgandamizo hadi chembe zake zikafungamana upya. Madini yake makuu ni kalsaiti, yaani kalsiamu kaboneti. Bukavu haikujengwa juu ya jiwe la aina hiyo. Vilima vyetu kwa sehemu kubwa ni basalti, zao la volkeno, na udongo mwekundu unaotuganda viatuni msimu wa mvua ni basalti hiyo hiyo iliyochakaa. Anayetaka kumwona ndugu wa marumaru kwa karibu avuke Ruzizi, ashuke hadi Bugarama upande wa Rwanda, kwenye chemchemi za maji moto za Mashyuza. Maji yale yameacha matabaka ya travatini, jiwe la kalsaiti, na ndiyo sababu kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilijengwa kule. Marumaru ya kutandaza ndani ya nyumba, kwa upande wetu, imekuwa mgeni siku zote.

Sasa inama uangalie unachokikanyaga. Katika nyumba za zamani, zile za enzi mji ulipoitwa Costermansville (jina lililodumu hadi 1954), mara nyingi utakuta granito: vipande vidogo vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, vikamwagwa, vikasagwa hadi vikalingana. Jina linadanganya, kwa kuwa mara nyingi hakuna itale humo. Katika nyumba mpya zinazopanda kwa kasi juu ya vilima, kinachouzwa kwa jina la marumaru huenda kikawa karo ya kauri iliyochapwa michirizi kiwandani. Karo ile inavumilia karibu kila kitu, na mwenye nayo anaweza kuacha kusoma hapa bila hasara kubwa.

Ili kujua, dondosha tone la ndimu pembeni, nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni hatatazama. Subiri dakika moja, futa, kisha angalia kwa ubavu kuelekea dirishani. Kauri na itale hazitaonyesha chochote. Marumaru itaacha duara lililofifia, na wakati mwingine utaona vipovu vidogo: ni asidi inayoila kalsaiti na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Granito itafifia pia, vipande na saruji yake pamoja. Kila ushauri unaofuata unategemea jibu la tone hilo.

Kuna dhana moja inayowapotosha hata mafundi wazoefu. Wengi wetu tumekulia kwenye sakafu za saruji zilizong'arishwa kwa nta nyekundu, kwa hiyo tunadhani mng'ao ni kitu kinachopakwa. Mng'ao wa marumaru haukupakwa. Jiwe lilisagwa kwa mawe ya kusugulia yenye namba zinazopanda, 60, 120, 220, 400 na kuendelea, hata 3000, hadi mikwaruzo ikawa midogo kuliko kile ambacho mwanga unaweza kukitambua, na miali ikarudi ikiwa imenyooka. Ukipaka nta ya saruji juu yake, au mishumaa iliyoyeyushwa katika mafuta ya taa, utapata utando unaogeuka manjano na kukamata vumbi. Sehemu kubwa ya elimu hii, basi, ni kujizuia. Naijua ladha yake chungu: mtu amenunua sakafu ya gharama na anatamani kuifanyia kitu.

Cha kufanya kipo, na kinaanzia mlangoni. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10, kalsaiti ina 3. Kwatzi ya mchanga wa ujenzi unaomwagwa kando ya barabara ina 7, na hata oksidi za chuma zinazoupa udongo wetu wekundu wake hufikia 5 au 6. Kwa hiyo kila kiatu kinachoingia kinaleta kitu kigumu kuliko sakafu. Mkeka mmoja nje, mwingine ndani, na ufagio laini kabla ya maji, vinaokoa zaidi kuliko dawa yoyote ya dukani. Ukimwaga maji juu ya vumbi ambalo halijafagiwa kisha ukavuta raklete (mpira wa kukokota maji), unakuwa unasaga sakafu yako mwenyewe, tena bila mpango.

Kuhusu asidi, orodha ya wenyeji ni ndefu kuliko ya vitabu vya Ulaya. Siki, nyanya, soda na divai tunazijua. Ongeza kasiksi, pombe ya ndizi ambayo uchachu wake unatosha kufifisha jiwe usiku mmoja wa harusi, na maji yanayochuruzika kwenye mashanza, yaani maziwa ya mgando. Mbaya kuliko yote ni dawa ya choo yenye asidi ya haidrokloriki, ambayo baadhi ya mafundi huitumia kuondoa saruji iliyobaki juu ya sakafu mpya. Javel (dawa ya klorini ya kusafishia) haiifanyii kalsaiti hivyo, lakini kamwe usiikutanishe na dawa ile ya choo: hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo kinatosha kumdhuru mtu.

Sura ninayoipenda zaidi ni ya maji, kwa kuwa hapa Bukavu ina mambo ambayo msomaji wa Roma hawezi kuyakuta. Robine zikikauka, mabidoni huteremka ziwani. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9 na takriban gramu 1 ya chumvi katika kila lita, huku magnesiamu ikiwa nyingi. Yakikauka sakafuni huacha ukungu mweupe. Ukiyachanganya na sabuni ya kipande, iliyopikwa kwa mawese na soda kali, magnesiamu na kalsiamu hukamatana na sabuni na kuzaa utando usioyeyuka majini. Mama mwenye nyumba huona sakafu imepoteza nuru, anaongeza sabuni, na utando unazidi kunenepa. Dawa ni rahisi: maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati baada ya manyunyu ya kwanza kusafisha paa, matone machache ya sabuni laini ya vyombo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, suuza, kisha kausha. Kukausha ndiko kunakorukwa, na ndiko kunakoonekana.

Doa lililozama ni suala jingine, kwa kuwa jiwe lina vinyweleo. Halisuguliwi; hunyonywa. Huko India, kuta za Taj Mahal zilizogeuka manjano zimepakwa tope la udongo laini, likaachwa likauke huku likivuta uchafu, kisha likaoshwa. Nyumbani fanya vivyo hivyo kwa udogo: kwa doa la mafuta, paka uji mzito wa magadi ya keki na maji; kwa doa la chai au kahawa, uji wa unga wa chaki na maji ya oksijeni (haidrojeni peroksidi) ya duka la dawa. Funika kwa nailoni usiku kucha, fungua, acha ukauke kabisa kabla ya kuuondoa. Kutu ni ngumu zaidi, maana dawa nyingi za kutu ni asidi.

Nyufa nazigusia tu. Vilima vyetu huteleza polepole, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, lilionyesha jinsi nyumba za hapa zinavyoweza kutikiswa. Ufa ulio wazi hunywa maji mekundu kila mvua ikinyesha, kwa hiyo huzibwa kabla ya kazi nyingine yoyote.

Ipo siku utahitaji fundi wa kusaga upya. Muulize ataanza na namba gani na ataishia ipi, kama atasaga kwa maji au kavu (kavu hujaza nyumba na mapafu vumbi), na mwishoni atapaka nini. Akisema vanishi, mshukuru umwache aende, kwa kuwa unyevu unaopanda kutoka chini utanaswa humo na kuibua maganda. Kwa granito, muulize pia tabaka lililobaki lina unene gani, maana kila kusaga kunalipunguza. Kisha mwombe asage mita moja ya mraba kwanza, na mkaitazame pamoja kesho yake ikiwa imekauka.