"Kurithi" na "Kuzaliwa Nao": Dhana Zisichanganywe

Katika tafsiri za maandiko ya afya, hutokea kila ugonjwa anaozaliwa nao mtoto ukaitwa "wa kurithi". Kosa hili si dogo. Selimundu, ugonjwa unaojulikana sana mkoani Simiyu na Kanda ya Ziwa kwa jumla, hurithiwa: mtoto hupokea kasoro ya chembe za urithi kwa baba na kwa mama. Kaswende ya mtoto mchanga hairithiwi. Huambukizwa akiwa tumboni, nayo huzuilika mama akitibiwa mapema kwa penisilini. Huo ni ugonjwa wa "kuzaliwa nao", si wa "kurithi".

Iko dhana ya tatu. Mwaka 1989, David Barker na wenzake walionyesha kuwa wanaume wa Hertfordshire, Uingereza, waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja, walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo ukubwani. Hawa hawakuzaliwa na ugonjwa, bali na uelekeo wa kuupata. Twapendekeza "uelekeo wa tangu tumboni".

Mama mjamzito wa Bariadi akisoma "hurithiwa", aweza kudhani hana la kufanya. Istilahi sahihi humwonyesha kuwa kliniki ina faida.